Shahada Moja ya Saikolojia, kwa Proforma Tatu

Vijana wa stoo mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu kabla sijaanza kusahau. Nimekubali, ila msitarajie habari za vyeo. Cheo changu mlikuwa mkikisoma mlangoni, na mshahara wangu mlinisikia nikiulalamikia kila mwisho wa mwezi. Nitaandika kuhusu kununua vitu, kuvipokea, kuvipa namba na kuvitoa kwa sahihi. Na kwa kuwa kila mgeni huuliza kwa nini ile fremu iliyoko chumba cha ushauri nasaha ina namba ya rangi nyeupe kama kiti, sehemu kubwa itakuwa ya fremu hiyo. Jina la shirika letu nitaliacha. Waliokuwepo wanalijua, na wasiokuwepo hawatapungukiwa kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, mtunza stoo wetu wa Kilosa. Siku ya kwanza alinikabidhi kopo la rangi nyeupe na brashi iliyobakiwa na manyoya machache, akaniambia nikipe namba kila kilicho cha shirika. Nikamaliza viti, meza na makabati, nikarudi kwake nikijisifu. Akaniuliza, "Na mtungi wa maji?" Nikaupa namba mtungi. "Na dume?" Dume alikuwa fahali wa mbegu wa mradi wa mifugo, amefungwa nyuma ya ofisi. Nilimpaka namba ubavuni, naye akanipiga teke la paja ambalo hadi leo hunijulisha mvua ikikaribia. Mzee Kibwana alikuja akaitazama ile namba, akasema tarakimu ya mwisho imepinda.

Somo lake la pili lilikuwa proforma tatu. Kanuni zetu zilisema huwezi kununua chochote, hata ufagio, bila kupata bei kutoka sehemu tatu, na aliye chini ndiye anayepewa. Wenye maduka tuliowazoea waliielewa kanuni hiyo kuliko sisi. Ukihitaji saruji, mmoja alikupa bei yake, na wenzake wawili wakakupa proforma za kusindikiza zenye bei iliyopanda kidogo. Mara nyingine zamu iligeuka. Hakuna aliyemwagiza mwenzake, na hakuna aliyelisema kwa sauti. Sijivunii jambo hilo, lakini nikilificha hamtaelewa yaliyofuata.

Mzee Kibwana alistaafu nami nikabaki na kopo. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, mashamba na viwanda vya umma vikiuzwa, na watu walioajiriwa tangu ujana wakirudishwa nyumbani na barua ya ukurasa mmoja. Kila kitu kikawa kinauzwa na kila mtu. Aliyeuza nyanya aliuza na betri. Vyuo navyo vikaanza kuota, vingine vya maana, vingine chumba kimoja na bango kubwa kuliko mlango.

Wakati huo tulikuwa na msaidizi wa maendeleo ya jamii aitwaye Kabula. Wazazi wake walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, wakaweka makazi Msowero, wakawa wanalima na kufuga. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mpole, na kazi yake ilikuwa kugawa mbegu na kuitisha mikutano. Lakini kulipotokea ugomvi mbaya kati ya wakulima na wafugaji, watu wakaumia, yeye alikwenda kukaa na wanawake ambao walikuwa hawalali tena. Alikaa nao wa pande zote mbili. Hakuhubiri wala kugawa kitu. Nilimpeleka mara moja kwa gari la mablanketi, nikamwona ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anamsikiliza mama mmoja wa Kimasai ambaye, nilivyoambiwa, hakuwa amesema neno tangu siku ya vurugu. Mama yule alikuwa anaongea bila kituo.

Wakati wa kurudi nilimuuliza amefanyaje. Akaniambia, "Mzee, hata mimi sijui. Ndiyo maana nataka kusoma. Nataka kujua hiki ninachokifanya kina jina gani."

Kumbe kina jina, na jina lenyewe lilikuja kwa barua. Wafadhili waliandika kwamba wamefurahishwa na kazi ya kusikiliza watu, na kwamba kuanzia mwaka unaofuata lazima kuwe na mshauri nasaha mwenye shahada ya saikolojia. Wametenga fungu la kumsomesha mtumishi mmoja. Fungu lisipotumika mpaka mwisho wa mwezi wa sita linarudi kwao, na nafasi ya Kabula itapewa mtu mwingine mwenye shahada tayari, kutoka mjini. Barua ilitufikia mwezi wa tano ukiwa umeshapiga hodi na kuingia.

Mkurugenzi alimwita Kabula akampa hongera. Kisha akaniita mimi akaniambia, "Hii ni fedha ya manunuzi. Fuata taratibu."

Nikamwambia shahada si saruji.

"Ina bei?" akaniuliza.

"Ina bei."

"Basi lete proforma tatu."

Sasa hapa nitawapa maarifa ya kazi, maana hata leo vijana mnanijia mkiwa na ada mbili mkononi mnauliza ipi nafuu. Chuo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Ada yake ilikuwa ndogo mpaka nikatabasamu. Lakini mwanafunzi alipaswa kujitafutia chumba na chakula, kununua vitabu mwenyewe, na kwenda mazoezi ya vitendo mkoa wa mbali kwa nauli yake. Chuo cha pili kilikuwa cha dini, kipya, huko nyanda za juu. Ada yake ilikuwa karibu mara mbili, lakini ndani yake kulikuwa na kitanda, milo mitatu, maktaba, na ruhusa ya kufanyia mazoezi nyumbani kwako. Nilikaa siku mbili nikijumlisha kila kitu, mpaka godoro na kurudia mtihani, na kile cha ada kubwa kikatoka nafuu. Msisome ada peke yake. Ulizeni mtoto atalala wapi na atakula nini.

Hesabu yangu niliipeleka kwenye kamati ya ununuzi kwa kujiamini. Mwenyekiti wake alikuwa Injinia Temba, mtaalamu wa visima, mtu mwadilifu ambaye hakuwahi kununua kitu kisicho na bomba. Fomu yetu ya ulinganisho ilichapwa kwa ajili ya pampu. Ilikuwa na safu ya bei, muda wa kufikisha mzigo, dhamana, na upatikanaji wa vipuri.

"Muda wa kufikisha?" akauliza Injinia.

"Miaka mitatu, Dar. Miaka minne, kule juu."

"Minne! Pampu inatoka ng'ambo kwa wiki sita."

Nikaeleza kwamba mtu lazima asome. Akafikiri, akachukua kikokotoo, akagawa bei zote kwa miezi. Kisha akatangaza kwamba kwa mwezi mmoja kile cha miaka minne ni rahisi zaidi, hivyo ingekuwa busara kuwaomba waongeze muda uwe wa miaka sita, bei ya mwezi ishuke zaidi. Mjumbe mmoja aliunga mkono. Ilibidi nichore ubaoni ng'ombe anayelishwa miaka sita ndipo wakaacha.

Dhamana nayo ilitusumbua. Niliagizwa kuviandikia vyuo vyote viwili kuuliza shahada ikiharibika itatengenezwa na nani. Chuo cha Dar hakikujibu. Chuo cha dini kilijibu kwa heshima kwamba watamwombea.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa proforma ya tatu. Nilipiga simu na kuandika barua, na kwa muda tuliokuwa nao sikupata chuo kingine kilichofundisha somo hilo. Kanuni haikujali. Kabula alipita stoo kila asubuhi, "Shikamoo mzee," nami, "Marahaba mwanangu," halafu anasimama. Hakuuliza. Alitazama kalenda ya ukutani, akaondoka. Siku ya tano nikashindwa kumtazama machoni.

Nikakumbuka bango nililoliona Mikumi, barabara kuu, nikienda kufuata matairi. Liliandikwa Chuo cha Maarifa Yote: kompyuta, ushonaji, Kiingereza, uongozaji watalii, na mengineyo. Nikajiambia saikolojia imo kwenye mengineyo. Nilimtumia mkuu wake, Bwana Fideli, fomu kwa dereva wa lori la mchanga. Nilitaka proforma ya kusindikiza tu. Sikumwambia apandishe bei, maana mambo hayo hayasemwi, na maduka yote niliyozoea yalijua. Nilisahau kwamba Bwana Fideli hakuwa mwenye duka wa siku nyingi. Alikuwa mgeni kabisa kwenye biashara, na aliiamini.

Bahasha yake ilirudi siku tatu baadaye, imefungwa kwa lakiri. Kamati ikafungua. Bei yake ilikuwa chini ya robo ya wenzake. Muda wa kufikisha: wiki sita. Dhamana: miezi kumi na miwili. Vipuri: vinapatikana. Kusafirisha hadi stoo Kilosa: bure.

Injinia Temba aliivua miwani yake. "Miaka yote hii," akasema, "huyu ndiye mzabuni wa kwanza kujaza safu zote."

Nilijaribu. Nilisema chuo hakina wahadhiri. Wakasema fomu haiulizi wahadhiri. Nilisema shahada ya wiki sita haipo duniani. Wakaniuliza kwa nini basi nilimwalika. Jibu la kweli lingenitoa kazini mimi na maduka mawili. Aliye chini ndiye anayepewa. Ukaandikwa muhtasari, ukasainiwa.

Mimi mwenyewe nilimweleza Kabula. Nilimweleza yote, mpaka habari ya kusindikiza. Nilitegemea anitukane. Aliketi juu ya magunia ya mbegu akauliza, "Kwa hiyo nitasoma wiki sita Mikumi, halafu wafadhili wakiona cheti wataniondoa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na fedha itakuwa imekwisha."

"Itakuwa imekwisha." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini.

Ilibaki njia moja, na ni Mzee Kibwana aliyeniachia. Kwa kanuni zetu, mzigo wowote wa bei hiyo lazima ukaguliwe kwa mzabuni kabla ya malipo, na mtumiaji awepo kutia sahihi kwamba ndicho anachokihitaji. Nikaomba ukaguzi. Injinia akafurahi, alipenda sana safari za ukaguzi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita tukaingia kwenye Land Rover, Injinia mbele na futi yake ya kupimia, mimi na Kabula nyuma na leja.

Chuo cha Maarifa Yote kilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa bucha. Ndoano bado zilining'inia darini, na kwenye mojawapo ilikuwa imetundikwa ramani ya dunia. Palikuwa na kompyuta mbili zenye kioo kimoja. Bwana Fideli alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, kola imegeuzwa kuficha uchakavu. Alitukaribisha kwa soda tatu, yeye hakunywa.

Injinia alipima chumba kwa futi, akaandika. Kisha akaomba sampuli.

Bwana Fideli akatoa kwenye bahasha karatasi ngumu, yenye maandishi ya dhahabu na picha ya tembo. Kwa kweli ilipendeza. Injinia aliikunja pembe kupima ugumu, akaiweka dirishani ili wino uonekane kwa mwanga. Wenyeji wa Mikumi mnajua kisichowekwa dirishani. Mkono wa nyani ukaingia, ukatoka, na sampuli ikapanda juu ya paa. Tulimsikia akiichana kwa utulivu. Kwenye leja yangu ipo mpaka leo: sampuli moja, imechukuliwa na nyani, haijarudishwa.

"Tuendelee," akasema Injinia. "Mhadhiri wa saikolojia ni nani?"

"Ni mimi," akajibu Bwana Fideli.

"Ulisomea wapi?"

Akairekebisha kola yake. "Nimepunguzwa kazi mara mbili," akasema.

Injinia akainama kuandika. Mimi nilijua hapo ndipo pa kukata. Sentensi moja tu kwenye fomu, kwamba mkufunzi hana sifa, na mambo yanarudi mezani. Nilishafungua kalamu. Kabula akanigusa mkono, akasogeza kiti chake mbele ya Bwana Fideli.

"Shikamoo baba," akamwamkia, ingawa tulishasalimiana.

"Marahaba."

"Mara ya pili ilikuwaje?"

Bwana Fideli akacheka. Akasema ilikuwa kama ya kwanza. Kisha akasema hapana, haikuwa kama ya kwanza. Mara ya kwanza alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, likauzwa, akarudi nyumbani akamwambia mke wake. Mara ya pili hakumwambia. Kwa miezi minane alivaa shati lake kila asubuhi, akaaga, akaenda kukaa kwenye mizani ya malori mpaka jioni, akihesabu magari. Alisema hata leo mkewe anadhani chuo hiki ni tawi la serikali. Hana mwanafunzi. Amekuwa na mmoja tu, wa ushonaji, naye aliondoka na mkasi.

Alisema hayo yote akimtazama Kabula, na Kabula hakusema pole hata mara moja. Aliuliza vitu vidogo. Alikuwa anakula nini pale mizani? Malori ya rangi gani yalikuwa mengi? Nilimwona yule bwana mwenye kola iliyogeuzwa akifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika chini ya ndoano. Injinia Temba aliiweka futi sakafuni taratibu. Baadaye akatoa leso, na nilidhani ni ya kumpa Bwana Fideli, kumbe aliihitaji mwenyewe. Kisima cha kwanza alichochimba kilitoka kikavu na hakuwahi kumwambia mtu, tulikuja kuambiwa njiani.

Tulikaa mle tangu saa nne mpaka saa nane. Bwana Fideli alipotulia, alinawa uso, akachukua karatasi akaandika mistari miwili na kugonga mhuri wa chuo. Alikuwa anaiondoa zabuni yake.

"Mama," akamwambia Kabula, ambaye angeweza kuwa binti yake, "mimi sina saikolojia ya kukuuzia. Nilifikiri watu wa mashirika mnanunua tu karatasi. Nenda kasome. Ila ukirudi, nipe nafasi ya kuja kukaa tena."

Zilikuwepo proforma tatu, moja imejiondoa kwa maandishi, mbili zimebaki, na ya chini kati ya hizo kwa gharama zote ilikuwa ile ya nyanda za juu. Kanuni haikuwa na la kusema. Tulifika Kilosa saa kumi kasoro, Mkurugenzi ameshafunga droo ya hati za ununuzi. Injinia akaifungua yeye mwenyewe. Hati ya ununuzi ikasainiwa: shahada ya saikolojia, idadi moja.

Kabula alikaa miaka minne. Kila likizo alileta stoo ripoti ya maendeleo, maana shahada yake niliifungulia leja kama mzigo ulioko njiani. Aliporudi nilipokea cheti chenyewe, nikakihesabu, nikajaza hati ya kupokelea. Kisha nikachukua kopo langu. Nikamwambia naogopa kuiharibu fremu.

"Andika mzee," akasema. "Mzee Kibwana angekuuliza."

Nikaandika. Tarakimu ya mwisho imepinda.

Tangu hapo amekaa kwenye chumba kile cha ushauri nasaha, pale mtaa wa Mabwerebwere, na benchi lake nje halijawahi kuwa tupu. Wamekaa hapo wakulima wa Masanze na wafugaji wa Msowero, wakati mwingine kwenye benchi moja bila kutazamana. Kila Alhamisi alikuja Bwana Fideli, akiwa na mkewe. Alifunga chuo akafungua duka la vifaa vya shule, na proforma zake, nawaambia, zilikuwa za kweli tupu. Tangu siku ile sikuwahi kumwomba mtu yeyote ya kusindikiza.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kukabidhi. Mnajua utaratibu: anayestaafu anapita na leja, anahakiki kila kitu, anajaza safu ya hali. Nzuri, mbovu, ya kufutwa. Nilimaliza makabati, nikamaliza viti, mtungi wa Mzee Kibwana nikauandika mbovu. Mwisho kabisa nikafika chumba cha Kabula. Sasa naye ana mvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukagua fremu tu."

"Kaa."

"Sikai. Nimebakiza kitu kimoja."

"Kaa, mzee."

Nikakaa, leja mapajani. Hakuitazama fremu. Akaniuliza, "Kesho asubuhi ukiamka, utashika nini mkononi?"

Nilitaka kusema jembe, au mjukuu. Nikaona tu lile kopo la rangi na brashi, ambavyo nilikuwa nimeshavisainia kwa kijana asubuhi ile, na nikalia mbele ya mtu niliyekuwa nikimpakia magunia ya mbegu, nikalia mpaka miwani ikajaa ukungu. Alingoja. Kisha akaniuliza kopo lile lilikuwa na harufu gani.

Niliondoka saa tisa. Nilipofika mlangoni nikakumbuka safu ilikuwa bado wazi. Nikaegemeza leja ukutani, chini ya fremu yenye namba iliyopinda, nikapitisha kidole kwenye maneno yale matatu ya fomu, na hakuna lililofaa. Nikayakata yote, nikaandika kwa mkono wangu: inafanya kazi.